Mwanangu ananialika kupumzika, shemeji anataka mabati

*Kwako Mshauri,*

*Mimi ni mjane wa hapa Isecheno, kando ya msitu wa Kakamega. Kazi yangu ni kuwapikia wageni wanaokuja kutazama ndege na mbega, na Jumapili naimba kwaya kule Mukumu. Binti yangu ni muuguzi Ujerumani. Amenikatia tiketi nikamwone mwishoni mwa Aprili, na viza imeshatoka. Sasa anasema wikendi ya Mei Mosi atanipeleka mji wa kale uitwao Regensburg, tulale hotelini siku mbili, “tutembee tu polepole, Mama.” Yeye mwenyewe yuko zamu za usiku tangu Desemba. Shemeji yangu amekasirika. Nyumba yangu haijamalizwa kuezekwa, palizi ya pili itafika nikiwa sipo, na mtoto anamwaga pesa hotelini. Naona aibu. Nimwambie aiache hiyo hoteli, anitumie pesa hizo ninunue mabati?*

*Mama, Isecheno*

Mama, tafadhali usimwambie hivyo.

Kuna jambo katika barua yako umelitaja na kulipita haraka: zamu za usiku tangu Desemba. Mwezi huo Ujerumani jua hutua mnamo saa kumi jioni. Anayekesha wodini hulala kunapopambazuka na kuamka giza likiingia. Mapema Mei jua huchelewa kutua hadi baada ya saa mbili usiku, na miti imechipua majani mapya. Binti yako anaomba siku mbili za mwanga pamoja na mama yake. Wewe unadhani anakustarehesha. Mimi naona mtoto aliyechoka.

Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa wafanyakazi jijini Berlin Septemba 2024, na nyumba nyingi zina mtoto huko au anayejiandaa kwenda. Pesa zake tunazipata kwenye simu. Uchovu wake hatuuoni, naye hausemi, kwa kuwa anajua tutalala na wasiwasi. Ukimjibu habari ya mabati, atakutumia pesa bila ubishi, atarudi kwenye zamu yake, na hatakuomba tena jambo kama hilo. Hapo ndipo ninapoogopa.

Mabati yana haki yake, lakini gharama ya usiku mbili haiwezi kumaliza paa. Mwite fundi apime kabla hujasafiri, akuandikie idadi, kisha siku nyingine kabisa umweleze binti yako, naye aseme ataweza kiasi gani na lini. Palizi itafutie vibarua mapema, na fedha zao mwachie mtu unayemwamini. Shemeji yako mwendee wewe mwenyewe, kwa heshima, umwonyeshe mpango huo wa shamba na wa paa. Ana sababu ya kuuliza, maana ndiye atakayeitwa mvua ikiingia ndani. Lakini wikendi ya binti yako si yake kuipangia.

Sasa huo mji. Regensburg uko Bavaria, kwenye mto Danube. Warumi walijenga ngome yao pale mwaka 179, na sehemu ya lango lake ingali imesimama. Daraja la mawe lilijengwa karne ya 12, na leo magari hayapiti juu yake, kwa hiyo mtaweza kusimama katikati mkitazama maji hadi mchoke. Vita Vikuu vya Pili havikuuangamiza mji wa kale kama vilivyoangamiza miji mingi ya nchi hiyo, na tangu 2006 umo katika urithi wa dunia wa UNESCO. Ni mdogo, unazungukika kwa miguu. Wewe mwanakwaya usikose kanisa kuu la Mtakatifu Petro: shule ya waimbaji wake ilianzishwa mwaka 975, na waimbaji wake huimba misa za Jumapili. Mwombe binti yako aulize mapema kama wataimba Jumapili hiyo. Nakuonea wivu kwa hilo.

Maduka hufungwa Mei Mosi na Jumapili. Kwa hiyo orodha ya viatu na simu ambayo jamaa watakupa isiingie kwenye safari hii. Chukua sweta nzito kuliko ile ya asubuhi za Isecheno, na viatu ulivyozoea, maana njia nyingi zimetandikwa mawe.

Kitakachokuwia kigumu ni kukaa tu. Wageni wako huamka alfajiri, wakasimama saa nzima chini ya mti mmoja wakimngoja ndege, nawe hujawahi kuwaita wavivu, unawawekea chai. Safari hii wewe ndiwe mgeni. Mwache binti aagize kahawa, aonyeshe mji, alipe. Usihesabu bei kwa sauti. Akinyamaza mkiwa mmekaa kando ya mto, usiharakishe kuleta habari za nyumbani. Huenda ana lake la kusema ambalo halisemeki kwenye simu. Na akilala hadi saa sita mchana, usimwamshe.

Mpigie leo jioni kabla hajaingia kazini, umwambie utakwenda.