FUNZO LA BIOLOJIA: SABABU GANI TUSIKULE MBELE YA KUPASULIWA?



Munganga anakataza mugonjwa kula mbele ya kupasuliwa. Sisi jamaa tunamuhurumia, tunamupa bugali kwa siri. Tujue hatari yake.

Tukiwa macho, chakula kikipotea njia tunakohoa. Lakini dawa ya usingizi inalegeza mwili, hatukohoi tena. Chakula kinaweza kupanda toka tumboni na kuingia katika mapafu.

Mwaka 1946, munganga Curtis Mendelson wa New York aliandika habari za uzazi 44.016. Kina mama 66 walipatwa na shida hii katika usingizi; wawili walikufa, chakula kiliziba pumzi. Kisha alijaribu kwa sungura, akaona ya kuwa asidi ya tumbo inaunguza mapafu.

Kwa hiyo waganga wengi wanaagiza: chakula kiachwe masaa 6 mbele, maji matupu masaa 2. Kama munganga wetu anasema zaidi, tumutii.

Na kama mugonjwa amekwisha kula? Tusifiche. Tumwambie munganga mbele ya dawa. Haya ya dakika moja ni kidogo kuliko kilio.