SOMO: Mtandao wa nyumbani ukilegea, tutafute kwanza kosa liko wapi



Leo tunazungumzia jambo linaloonekana dogo: kompyuta ya nyumbani inayoshika mtandao bila waya kwa shida. Tumelichagua kwa sababu tumeliona likileta ugomvi. Katika nyumba moja, wenyeji na familia iliyokimbia vita walikuwa wakichanga pesa za mega pamoja. Kila jioni mtandao ulikwama. Baba mwenye nyumba akasema vijana wa chumba cha nyuma wanamaliza mega zote. Vijana wakajibu kwamba wanaonewa kwa kuwa ni wageni. Siku ambayo mama yao alikatikiwa na simu ya video akiongea na binti yake aliye Uganda, maneno yakawa makali, nasi tukaitwa. Hatukuuliza mkosaji ni nani. Tuliomba simu moja na nusu saa.

Kwanza, simama karibu na ruta ukiwa na simu, ufungue ukurasa wowote. Ukifunguka haraka, peleka simu pale kompyuta ilipo. Simu ikilegea hapo, mawimbi hayafiki vizuri. Simu ikiwa nzuri, basi kompyuta ndiyo mgonjwa. Lakini kama ni polepole hata karibu na ruta, angalia laini: pengine mega zimekwisha, au kampuni imepunguza kasi, au mtu fulani nyumbani anapakua kitu kizito.

Mwenye kompyuta ya Windows anaweza kupima zaidi. Afungue dirisha la amri, aandike ipconfig, aone anwani ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kisha aandike ping na anwani hiyo. Majibu ya milisekunde chache ni mazuri. Yakiwa mamia, au yakipotea, kosa liko kati ya kompyuta na ruta. Ruta ikijibu vema lakini ping 8.8.8.8 inasuasua, kosa liko kwenye laini.

Kuhusu mawimbi, nyumba nyingi katika mji kama Goma ni za mbao na mabati. Mbao haisumbui sana. Bati huyarudisha mawimbi yalikotoka. Kabati la chuma, kioo kikubwa na pipa la maji pia huyazuia. Tumekuta ruta imefichwa ndani ya sanduku la chuma kwa kuogopa wezi! Iwekeni juu, mahali pa wazi, katikati ya nyumba. Masafa ya 2,4 gigahezi hufika mbali lakini hujaa majirani. Hapo jaribuni chaneli 1, 6 au 11, kwa kuwa hizo haziingiliani. Yale ya 5 gigahezi yana kasi zaidi, ila hufifia upesi yakipita ukutani. Umeme ukikatika na kurudi, zimeni ruta kwa nusu dakika, muiwashe tena.

Turudi kwenye ile nyumba. Ruta ilijibu vizuri. Laini ndiyo ilisuasua. Tukaomba kila mtu azime waifai ya chombo chake, kimoja kimoja, mbele ya wote. Simu za vijana zilizimwa zote, hakuna kilichobadilika. Ilipokatwa kompyuta ya baba mwenyewe, mtandao ukafunguka. Tulipoirudisha tukabonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, na orodha ikaonyesha Windows ikivuta masasisho yake. Kompyuta hiyo iliwashwa jioni tu, umeme unaporudi, ndiyo maana shida ilikuja saa ile ile. Baba alikaa kimya kidogo, kisha akawaomba vijana radhi. Kwa maoni yetu, lililosaidia ni kwamba kipimo kilifanyika wote wakitazama. Kama tungepima peke yetu na kuleta jibu, upande mmoja usingeamini.

Katika mipangilio ya mtandao ya Windows 10 na 11, tuliiambia kompyuta kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, ili ipunguze kupakua yenyewe. Masasisho yasiachwe kabisa, maana yanaziba mianya ya wezi wa mitandaoni. Familia hizo zilikubaliana yapakuliwe usiku wa Jumamosi, watoto wakiisha lala. Walibadilisha pia neno la siri lililotoka kiwandani, wakachagua ulinzi wa WPA2, na karatasi yenye neno jipya ikakaa kwa mama wawili, mmoja wa kila familia.