Sauti ifike hadi nyuma: namna ya kufunga bafle nyingi kwenye ampli moja



Leo tunaacha kidogo mpunga na muhogo, tuzungumze juu ya sauti. Sababu ni hii. Katika mkutano mkuu mmoja kando ya Kisangani, watu walipiga kura juu ya kuuza mpunga wa depo. Waliokaa mbele walisikia yote. Waliokaa nyuma chini ya mwembe, wengi wao akina mama wenye watoto, waliinua mikono kwa kufuata wa mbele tu. Kesho yake mama mmoja alituambia: "Sisi hatukusikia kama pesa italipwa nyuma ya mwezi." Alikuwa na haki. Kura bila kusikia si kura.

Siku ile kulikuwa na ampli moja na bafle mbili mbele. Kijana mmoja alitaka kusaidia, akafunga bafle mbili zingine kwenye waya uleule. Nusu saa haikupita, ampli ikapata moto, ikazima kabisa.

Kwa nini iliungua?

Angalia nyuma ya bafle ya kawaida: mara nyingi imeandikwa ohm 8. Hicho ni kipimo cha namna inavyozuia umeme. Ukifunga bafle mbili za namna hiyo sambamba, kizuizi kinashuka hadi ohm 4. Ukifunga nne, kinabaki ohm 2. Ampli nyingi hazikubali kushuka chini ya ohm 4. Umeme unaopita unazidi, na ampli inaungua.

Tena kuna shida ya waya mrefu. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, mita 100 kwenda na mita 100 kurudi, una ohm 2.3 hivi. Ukifunga bafle ya ohm 8 mwisho wake, zaidi ya moja ya tano ya nguvu inapotea njiani.

Njia ya volti 100

Kwa bafle nyingi na umbali mkubwa, tafuta ampli iliyo na tundu lililoandikwa 100 V, pamoja na bafle za tarumbeta zenye transfoma ndani. Wati 100 kwa volti 100 inahitaji ampea 1 tu. Kwa bafle moja ya ohm 8 ingehitaji ampea 3.5. Kwa hiyo kwenye waya uleule zinapotea wati 2 hivi tu.

Fanya hivi:

1. Zima ampli. Volti 100 inaweza kukurusha, usiguse waya wakati inafanya kazi.
2. Chagua wati za kila bafle kwa kitufe cha transfoma: kwa mfano 5, 10 au 15.
3. Jumlisha wati zote. Jumla isipite sehemu nne za tano za nguvu ya ampli. Ampli ya wati 120 isipewe zaidi ya 96. Bafle 8 za wati 10 ni 80: sawa. Bafle 8 za wati 15 ni 120: hapana.
4. Funga zote sambamba, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi.
5. Bafle isiyo na transfoma usiifunge kamwe kwenye waya huu. Itaungua.
6. Weka mikro nyuma ya bafle, si mbele yake. Hapo si rahisi ipige mluzi.

Panga bafle ndogo kila mita 15 hivi, zote zielekee upande mmoja. Sauti inatembea mita 340 kwa sekunde. Bafle zikiwa mbali sana, mtu anasikia neno moja mara mbili.

Wazee Walokele wa upande wa Yakusu walijua kazi hii zamani. Mmisionari John Carrington, aliyeishi kule, aliandika juu ya ngoma zao katika kitabu cha 1949. Habari ilipokewa kijiji hadi kijiji, na mpigaji alirudia maneno ili yasipotee. Na sisi tufanye vile: bafle nyingi zenye sauti ya kiasi zinashinda moja inayopiga kelele, na msemaji arudie bei mara mbili.

Kabla ya kura, mtumeni mtu mmoja akae mstari wa mwisho. Akiinua mkono kwamba anasikia, ndipo mkutano uanze.

Maswali ya kujadiliana

- Ampli yetu ni ya wati 60. Tunaweza kufunga bafle 6 za wati 10? (Hapana: jumla ni 60, mwisho ni 48. Ziwekeni kwenye 5, jumla itakuwa 30.)
- Katika mkutano wetu uliopita, nani hakusikia? Aliketi wapi?