Karatasi Moja kwa Siku

Likizo iliyopita baba aliniambia kwamba umri wake wa kusoma umekwisha pita. Nikamsimulia habari za Wayahudi. Mwaka 1923, katika mkutano mjini Vienna, Rabi Meir Shapiro alitoa shauri kwamba Wayahudi popote walipo wasome kila siku karatasi moja ya Talmudi, kitabu kikuu cha sheria na mafundisho yao. Karatasi ni 2,711, basi kazi huchukua miaka 7 na miezi 5 hivi. Watu wazima hukutana katika sinagogi, wengine kabla ya kwenda kazini, wakaulizana na kubishana, maana kwao kujifunza ni ibada. Wakimaliza, huanza tena.

Baba akaniomba kitabu changu cha historia cha mwaka jana. Katika barua yake ya juzi ameniuliza swali nililoshindwa kulijibu. Wenzangu, elimu haina mwisho.