SOMO LA MWEZI: CHURA WA KIHANSI

Fungu la kusoma: Mwanzo 2:4–15

Wapendwa katika Kristo, tukitajiwa vyura kanisani twakumbuka pigo la Misri (Kutoka 8). Leo tujifunze habari za chura ambaye hakumletea mtu pigo lo lote, bali yeye ndiye aliyepigwa.

Katika milima ya Udzungwa, mto Kihansi huanguka kwa kishindo ndani ya korongo lenye msitu. Manyunyu yake hulowesha majani ya kando. Hapo tu, wala si po pote pengine duniani, waliishi vyura wa rangi ya dhahabu wasiofikia sentimita 3. Hawatagi mayai kama vyura wa mabondeni kwetu; huzaa watoto walio kamili. Wataalamu waliwatambua mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa umekwisha anza.

Mwaka 2000 maji mengi yalipelekwa kwenye mitambo, manyunyu yakapungua. Vyura 499 walipelekwa Marekani kutunzwa, na mabomba ya kunyunyiza maji yakafungwa korongoni. Hata hivyo, mwaka 2003 waliobaki walikufa kwa wingi. Ugonjwa wa ukungu wa ngozi ulionekana kwao. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba hawapo tena porini. Uzao wa wale waliotunzwa ulirudishwa Dar es Salaam mwaka 2010, na Kihansi mwaka 2012.

Je, umeme ni dhambi? Hasha! Hospitali zetu zinauhitaji. Lakini Adamu hakupewa bustani aitumie tu. Alipewa na ulinzi wake. Mlinzi mwema huuliza kwanza ni nani anayeishi mahali, kabla hajapageuza.

Ndugu wa Tarime na Serengeti, nasi tunao mto Mara na chemchemi zetu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Anayelima hadi ukingoni apata magunia machache zaidi mwaka huu, lakini udongo wake huchafua maji ya jirani aliye chini.

Maswali ya kujadiliana:
1. Chemchemi ya kijiji chetu inalindwa na nani?
2. Mwenye shamba dogo ukingoni tumsaidieje, ili asipoteze chakula cha watoto wake?

Tuombe: Ee Bwana, uliyeviumba hata vilivyo vidogo, utufanye watunzaji waaminifu. Amina.