Je, jometri ya aljebra ni kazi?

SWALI: Binti yangu yuko kidato cha tatu hapa Kithimani. Anataka kutafiti jometri ya aljebra. Atalipwa na nani?
Mama, Kithimani

JIBU: Chuo kikuu, mama, atafundisha huku akitafiti. Jared Ongaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi anaifanya kazi hiyo hiyo. Mwaka 2015 alichapisha makala pamoja na Boris Shapiro wa Stockholm.

Ili aionje jometri hiyo, inayochunguza maumbo ya milinganyo, mwambie achore duara la x² + y² = 1, kisha mstari ulionyooka usioligusa. Akiruhusu namba changamano, zenye kipeuo cha pili cha −1, mstari huo hulikata mara mbili! Akisisimka, msimzuie. Baada ya digrii ya kwanza kuna uzamili na uzamivu, miaka mingi kweli. Aulizie mapema ufadhili wa EAUMP, mtandao wa hisabati wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, ulioanza kusaidiwa na Uswidi mwaka 2002.