Mwombee Hata Aliyekuumiza
Masomo: Hesabu 12:1-15, 1 Samweli 12:19-23, Ayubu 42:7-10

Nikiuliza ibadani nani ana mtu wa kuombewa, mikono inainuka haraka: mtoto ana mtihani, mama amelazwa, kijana anatafuta kazi. Hayo ni maombi mazuri, tusiyaache. Lakini wiki hii tuangalie maombezi magumu zaidi: kumwombea mtu aliyekuumiza.

1. Musa alimwombea aliyemsema vibaya.
Miriamu na Haruni, ndugu zake wa damu, walimnenea mabaya. Miriamu akapigwa na ukoma. Wengi wetu tungesema, "Wacha avune alichopanda." Musa alimlilia Mungu amponye dada yake. Lakini angalia vizuri: Miriamu bado alikaa nje ya kambi siku 7. Kumwombea mtu si kusema hakukosa.

2. Samweli aliwaombea waliomkataa.
Alitumikia tangu utoto mpaka mvi, halafu wazee wakaja kumwambia amezeeka, wanataka mfalme. Ilimuuma. Hata hivyo, waliposhikwa na hofu na kumsihi awaombee, alisema kwamba akiacha kuwaombea atakuwa anamtenda Bwana dhambi. Umeona? Maombezi si kazi ya hiari ya kikundi cha kesha peke yake.

3. Ayubu aliwaombea waliomhukumu.
Rafiki zake 3 walikaa naye kimya siku 7. Walipofungua midomo, wakamwambia anateswa na dhambi zake. Mwishoni Mungu akawakasirikia, akawatuma kwa Ayubu na ng'ombe 7 na kondoo waume 7, ili awaombee. Msamaha wao ulipitia kinywani mwa mtu waliyemjeruhi! Na Bwana aligeuza hali ya Ayubu alipowaombea. Hakungoja mali irudi ndipo aombe. Aliomba mikono ikiwa mitupu.

Mimi hii vita naijua. Kuna mtu wa karibu aliyenidhulumu pesa, na nikipiga magoti, jina lake lilikuwa zito kulitamka. Nilianza na sentensi moja tu: "Bwana, wabariki watoto wake." Siku nyingine niliisema huku nalia. Pesa hazijarudi mpaka leo. Lakini tukikutana stejini namsalimia, na usiku nalala usingizi. Hilo nalo ni jibu.

Fanya hivi wiki hii. Chagua jina moja. Kila asubuhi, kwa siku 7, mwombee dakika 5. Usimsomee Mungu orodha ya makosa yake, anayajua. Taja mahitaji yake: afya, nyumba yake, kazi, wokovu. Na kama mtu huyo bado anakupiga au anakutishia, tafuta usalama kwanza na uwaambie watu wanaoweza kukusaidia. Unaweza kumwombea ukiwa mbali naye.

Ndugu yangu, dada yangu, Bwana wetu aliwaombea waliomsulubisha akiwa bado msalabani. Stefano naye aliwaombea waliokuwa wakimpiga mawe, na pale pale alikuwepo kijana Sauli, akilinda nguo zao. Huyo ndiye aliyekuja kuwa mtume Paulo. Hujui Mungu anataka kumfanya nini huyo ambaye jina lake linakuchoma. Mtaje leo mbele za Bwana. Amina.